Taamuli ya Kibudha: Kutoka Asia hadi Afrika

Vipasana ni taamuli ya Kibudha yenye asili ya India, iliyoendelezwa Myanmar na Sri Lanka. Mwanafunzi huketi mgongo wima, hufumba macho na kufuatilia pumzi inavyoingia na kutoka puani. Mawazo yakitangatanga, huyatambua, kisha huirudia pumzi bila kujilaumu.

Mwaka 1979, akichota kwenye taamuli za Kibudha na yoga, mwalimu wa taamuli Jon Kabat-Zinn alianzisha katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, kozi kwa wagonjwa wenye maumivu sugu, isiyo na ibada.

Afrika Mashariki, Bhante Buddharakkhita, mtawa Mganda aliyeujua Ubudha akiwa masomoni India, alianzisha Kituo cha Kibudha cha Uganda mwaka 2005, karibu na Entebbe.

Hata Kolwezi, mji wa shaba na kobalti jimboni Lualaba, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mchimbaji aliyetoka zamu ya usiku anaweza kuanza taamuli nyumbani kwa dakika 10. Hahitaji hekalu wala vifaa. Lakini taamuli si dawa ya kila kitu: kifua kilichoumizwa na vumbi la mgodi kinahitaji daktari.