Hodi kwa Mungu: heshima bila woga, ujasiri bila kiburi

MWALIMU akikaa ofisini hupokea wanafunzi wa kila aina. Yupo anayesukuma mlango bila kupiga hodi, akaanza kudai daftari lake. Yupo pia anayepiga hodi, akaamkia vizuri, kisha akasimama akitazama sakafu mpaka kengele inalia, akaondoka bila kusema kilichomleta. Wa kwanza hana adabu. Wa pili anayo, lakini anarudi darasani na shida yake ileile.

Katika sala wengi wetu tunafanana na mmoja wa hao. Mimi nilikuwa yule wa pili.

Nilizaliwa na kusomeshwa katika makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, mkoani Tabora, Tanzania. Baba alikimbia Burundi mwaka 1972. Kila jioni alipiga magoti kumwomba Mungu aturudishe nyumbani, Rumonge. Alifariki kabla ya kurudi. Nilirudi mimi mwaka 2009, nikakuta michikichi yake inavunwa na familia nyingine, iliyokuwa imeishi pale zaidi ya miaka 30.

Tangu siku hiyo sala zangu zikawa ndefu na nzuri. Nilimsifu Mungu, nikamshukuru kwa safari njema, nikasema amina. Habari ya shamba sikuigusa. Moyoni nilimwona kama ofisa wa mpakani, ambaye ukimuudhi anaweza kukurudisha ulikotoka.

Mama mmoja mzee niliyekuwa nikisali naye alinisikiliza kwa wiki kadhaa, kisha akaniambia: "Mwalimu, mwanangu, wewe unamwamkia Mungu tu. Shida yako humwambii."

Baba na Mfalme

Maneno yake yalinirudisha kwenye Biblia. Sala aliyoifundisha Yesu, katika Mathayo sura ya 6, inaanza kwa kumwita Mungu Baba, na papo hapo inataja mbingu na utakatifu wa jina lake. Ndipo linafuata ombi la chakula. Waraka kwa Waebrania, sura ya 4, unatuita tusogee bila hofu kwa sababu tunaye Kuhani Mkuu anayeujua udhaifu wetu. Waraka huohuo, sura ya 12, unamfananisha Mungu na moto. Heshima na ujasiri vinakaa nyumba moja.

Yesu mwenyewe alivionyesha vyote viwili Gethsemane. Katika Marko sura ya 14 anamwita Mungu Aba, neno la Kiaramu la kumwita baba. Anaomba waziwazi aepushwe na mateso, kisha anamwachia Baba uamuzi.

Hata majina yetu ya Kirundi yanafundisha hivyo. Katika daftari la mahudhurio humkosi Niyonkuru, yaani Yeye ndiye mkuu, wala Nsabimana, yaani namwomba Mungu.

Nilisema yote

Usiku mmoja nilisema yote: hasira yangu, wivu juu ya nyumba yao ya bati, hata lawama kwamba Mungu alimnyima baba alichokiomba miaka yote ile. Nilitegemea kuadhibiwa. Nikapata usingizi ambao sikuwa nimeupata kwa miezi.

Nililoomba ni shamba lote. Baada ya vikao vingi, wazee wa pande zote mbili waliligawa nusu kwa nusu. Siku hiyo sikufurahi, na hilo pia nilimwambia Mungu. Mwaka uliofuata mtoto wa familia ile aliingia darasani kwangu, nikamfundisha kama wenzake. Hilo sikuwa nimeliomba.

Ndugu msomaji, anayemwamuru Mungu amesahau kuwa anaongea na Mfalme. Anayemficha shida yake amesahau kuwa Mfalme huyo ni Baba. Leo jioni piga hodi, amkia kwa heshima, kisha sema kilichokuleta. Ukishasema, mwachie Yeye uamuzi.