Nyama Laini kwa Mtoto na kwa Bibi

Katika familia nyingi za Nachingwea na Ruangwa nyama haipikwi kila siku. Hupikwa Jumapili, siku ya ubatizo, au baada ya kuuza korosho na ufuta. Siku hiyo nyumba nzima hufurahi. Lakini tukitazama sahani vizuri tutaona jambo moja. Baba na vijana wanatafuna minofu, huku bibi asiye na meno na mtoto mdogo wakipewa ugali na mchuzi tu. Tunasema, "Hii ngumu, hataiweza."

Tujue wanachokosa. Sehemu kubwa ya protini inayojenga mwili, pamoja na madini ya chuma yanayosaidia kutengeneza damu, hubaki ndani ya nyama yenyewe. Mchuzi hubeba ladha, chumvi na mafuta, na kidogo tu cha hivyo vingine. Kwa hiyo kulainisha nyama si anasa ya hotelini. Ni njia ya kumpatia kila mmoja nyumbani haki yake.

Kwa nini nyama huwa ngumu?

Nyama ni misuli yenye nyuzinyuzi zilizoshikwa pamoja na kano na utando. Misuli iliyofanya kazi nyingi, kama ya miguu, shingo na kifua, ina kano nyingi. Sarara ya mgongoni ina chache, ndiyo maana huiva upesi. Mnyama mzee ana kano ngumu kuliko mchanga.

Moto mkali hukaza nyuzinyuzi na kuzikamua maji yake, kama mtu anavyokamua nguo. Ndiyo maana nyama inaweza kuwa ndani ya maji tele na bado ikawa kavu mdomoni. Moto mdogo wa muda mrefu hufanya kinyume: kano huyeyuka polepole na kuwa ute unaolainisha nyama na kuupa mchuzi uzito. Basi nyama ikishachemka, toeni kuni mbili kwenye mafiga. Maji yawe yanatikisika tu, na sufuria ifunikwe vizuri.

Kila nyama na moto wake

(a) Ng'ombe. Kateni vipande vidogo kwa kukingama nyuzi, si kwa kuzifuata. Wekeni maji ya kufunika nyama tu. Kifua au mguu huhitaji saa mbili hadi tatu za moto mdogo.

(b) Kuku wa kienyeji. Jogoo mzee au tetea aliyeacha kutaga achemshwe kwa saa moja na nusu au zaidi, kisha ndipo akaangwe au aungwe kwa karanga au nazi. Tukianza na kukaanga tunapata ngozi nzuri juu na ugumu ndani. Kuku wa kisasa ni kinyume chake: dakika 40 hivi zinamtosha, na akizidishiwa hukauka.

(c) Mbuzi. Wa kuchoma apakwe chumvi nusu saa kabla, awekwe mbali na ndimi za moto, juu ya makaa, na ageuzwe mara kwa mara. Akiwa mzee, achemshwe kwanza.

(d) Nguruwe. Mafuta yake huzuia ukavu, kwa hiyo hatuna sababu ya kuogopa kumwivisha sana.

Nyama ya mtoto mdogo, hata ikiwa laini, itolewe mifupa, ichambuliwe au itwangwe kwenye kinu safi, na ichanganywe na uji au ugali laini.

Njia za mkato

Wengi hutia magadi. Ni kweli hulainisha, lakini huharibu baadhi ya vitamini B na huongeza chumvichumvi isiyomfaa mwenye shinikizo la damu. Papai bichi ni bora zaidi, kwani utomvu wake una kimeng'enya kinachovunja nyuzi za nyama. Twangeni kipande kidogo, mpake nyama, mwache kwa nusu saa. Ikikaa mno nyama hugeuka rojo.

Laini, lakini iive

Baadhi yetu huitoa nyama motoni mapema ili isikauke. Hapo ndipo hatari ilipo. Nyama ya nguruwe yenye malengelenge meupe mfano wa punje za mchele ina tegu; msiinunue wala msiile. Akila nyama yenye tegu isiyoiva, mtu huota mnyoo tumboni. Mayai yake hutoka na choo, na yakiingia katika chakula au maji yanaweza kufika ubongoni na kuleta kifafa. Choo bora na mikono safi ni sehemu ya mapishi.

Nyama ya mnyama aliyekufa mwenyewe isipikwe kabisa, kwani mbegu za kimeta hustahimili joto, na hata kumchuna tu ni hatari. Mwiteni mtaalamu wa mifugo. Kwenye bucha, tafuteni nyama yenye mhuri wa ukaguzi.

Tukumbuke pia Julai 2022, Wizara ya Afya ilipotangaza mlipuko wa homa ya mgunda wilayani Ruangwa. Watu 20 waliugua na watatu walifariki. Vimelea vya homa hiyo hutoka katika mkojo wa wanyama, hasa panya, na huingia mwilini kupitia michubuko, macho, pua na mdomo. Nyama iliyoiva haina tatizo hilo. Hatari iko kwa anayeshika mnyama. Anayechuna panya wa shambani au mnyama mwingine afunike vidonda vyake, na anawe kwa sabuni kabla ya kugusa chakula.

Nyama iliyobaki isikae nje zaidi ya saa mbili. Pasipo jokofu, ichemshwe tena kabisa usiku na asubuhi, na iliwe siku hiyo.

Jumapili ijayo, basi, tuanze kupika mapema kuliko kawaida. Kuni ni chache kuliko tunavyodhani, maana moto ni mdogo. Na siku hiyo bibi apewe kipande chake, tuone kama hatakimaliza.