Anwani Mbili za Orodha Moja: Majadiliano kwa Barua-pepe na Nafasi ya Mwanafunzi

Makala haya yanafafanua jinsi orodha za majadiliano kwa barua-pepe zinavyofanya kazi, kwa kumzingatia mwanafunzi wa uzamili ambaye mara nyingi huingia humo bila kuelekezwa. Inadaiwa hapa kwamba mengi yanayohesabiwa kuwa utovu wa adabu katika orodha hizo hutokana na kutoufahamu muundo wa chombo chenyewe.

Mtandao wa BITNET ulianza mwaka 1981 kwa kuunganisha Chuo Kikuu cha Jiji la New York na kile cha Yale. Orodha zake za mwanzo zilitunzwa kwa mkono: mtumishi ndiye aliyeingiza jina la kila mwanachama. Mwaka 1986 Eric Thomas, aliyekuwa mwanafunzi nchini Ufaransa, aliandika programu ya LISTSERV, ambayo iliiwezesha kompyuta yenyewe kupokea maombi, kuandikisha wanachama na kuwasambazia barua. Mwaka uliofuata Willard McCarty alianzisha Humanist huko Toronto. Na mwaka 1990 Anthony Aristar akaanzisha Linguist List huko Australia, ikiwa na wanachama wapatao 60.

Jambo la msingi ni kwamba orodha moja huwa na anwani mbili. Ya kwanza ni ya programu. Hiyo hupelekewa amri fupi: kujiunga, kujitoa, kusimamisha barua wakati wa likizo, au kuomba barua za siku nzima zifungwe katika furushi moja. Ya pili ni ya baraza, na lolote linalofika hapo hupelekwa kwa kila mwanachama. Mwanafunzi anayetaka kujitoa, akaituma amri yake kwenye anwani ya pili, hatoki. Huwa amewatangazia tu mamia ya wasomi kwamba amechoka nao. (Na kwa kawaida hutokea wengine wakamwiga.)

Lenye uzito zaidi ni njia ya jibu. Msimamizi wa orodha huchagua iwapo jibu litamwendea mwandishi peke yake au wanachama wote. Uamuzi huo huonekana mdogo, lakini ndio unaoijenga tabia ya baraza. Jibu likienda kwa wote, hoja hupimwa hadharani. Mkono ukiteleza, neno la siri kati ya rafiki wawili husomwa na mtahini. Likienda kwa mmoja, aibu hupungua, ila maarifa hubaki kwa aliyeuliza. Linguist List ilikuza desturi inayopatanisha pande hizi: muulizaji hupokea majibu faraghani, kisha huwaandikia wote muhtasari na kuwataja waliomsaidia. Hilo ni deni, na mwanafunzi asiyelilipa hujikuta swali lake la pili halijibiwi.

Wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili wanaweza kuilinganisha hali hii na mgogoro wa ushairi huru uliopamba moto baada ya Kezilahabi kuchapisha Kichomi mwaka 1974. Wanamapokeo na wanamabadiliko walijibizana kwa maandishi yaliyosubiri mhariri na mpiga chapa. Kusubiri huko kulichosha, lakini kulimpa mtu nafasi ya kulala na hasira yake. Orodha haimpi nafasi hiyo, isipokuwa pale ambapo msimamizi hupitia kila barua kabla ya kuisambaza.

Si kwamba barua-pepe ilikuwa ya papo kwa papo kila mahali. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kompyuta za vyuo vikuu vya Nairobi, Makerere na Dar es Salaam zilitumia utaratibu wa Fido: zilipigiana simu kwa saa maalumu, zikakabidhiana barua zilizokusanywa, kisha zikakata. Orodha ilifaa sana katika mazingira hayo, kwa kuwa ilihitaji matini tupu, wala haikumtaka msomaji awe mtandaoni wakati mwenzake anaandika.

Kuna pia suala la hifadhi. Orodha nyingi huweka nakala ya kila barua, nayo huweza kutafutwa kwa jina la mwandishi. Barua iliyokwisha kusambazwa hairudishwi: hata msimamizi akiifuta katika hifadhi, nakala zake zimo tayari katika visanduku vya wanachama. Swali ambalo mwanafunzi aliliuliza katika muhula wake wa kwanza, pamoja na makosa yake ya tahajia, huweza kusomwa na jopo linalojadili ombi lake la kazi miaka kumi baadaye.