Rafadha ya Mkia: Kinachoizuia Helikopta Isizunguke kama Pia

Helikopta aina ya Mi-8, ambazo Umoja wa Mataifa umezitumia kwa miaka mingi katika ulinzi wa amani mashariki mwa Kongo, ng'ambo ya mpaka ulio karibu na Kajaga, nchini Burundi, zina rafadha mbili: kubwa ya juu yenye mapanga matano, inayokiinua chombo, na ndogo ya mkiani yenye mapanga matatu, ambayo bila yake rubani asingeweza kukimudu.

Sababu yake imo katika kanuni ya tatu ya mwendo, iliyochapishwa na Isaac Newton mwaka 1687, isemayo kwamba kila kani huzaa kani nyingine iliyo sawa nayo na yenye mwelekeo wa kinyume. Injini inapoizungusha rafadha kuu upande mmoja, kiwiliwili cha helikopta husukumwa kuzunguka upande wa pili, na msukumo huo wa kuzungusha huitwa msokoto.

Rafadha ya mkia, ambayo mhandisi Igor Sikorsky aliitumia nchini Marekani katika helikopta yake ya mwaka 1939, husukuma hewa upande ili kuukabili msokoto huo. Kwa kuwa imewekwa mbali na mhimili wa rafadha kuu, kani ndogo hutosha, kama vile mlango unavyofunguka kwa urahisi ukisukumwa mbali na bawaba. Rubani hukanyaga pedali kubadili pembe ya mapanga yake, na hivyo huigeuza pua ya helikopta kushoto au kulia. Hata hivyo, katika milima ya Burundi inayozidi mita 2,600, hewa ni nyepesi kuliko ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kwenye mita 770 hivi, kwa hiyo mapanga huhitaji pembe kubwa zaidi ili kutoa kani ileile.

Zipo njia nyingine za kuukabili msokoto: helikopta nyingi za Kamov za Urusi zina rafadha kuu mbili katika mhimili mmoja, zinazozunguka kinyume ili misokoto yake ifutane, ilhali Chinook ya Marekani imeziweka mbele na nyuma.

Rafadha ya mkia huzunguka kwa kasi kiasi kwamba ni vigumu kuiona, na pigo lake huua. Helikopta inapotua, wananchi wakae mbali, wawashike watoto, wasipite kamwe nyuma yake, na anayelazimika kuikaribia aende kwa mbele, baada tu ya rubani kumpa ishara.