Je, Wajua? Kinga ya Mwili Inapoligeukia Jicho

Je, wajua kuwa Louis Braille, aliyewabunia wasioona maandishi ya nukta, aliumia jicho moja tu? Mwaka 1812, akiwa na miaka 3, alijichoma katika karakana ya baba yake, fundi wa matandiko ya farasi huko Coupvray, Ufaransa. Wengi husema ni kwa msharasi. Jicho la pili halikuguswa, lakini alipofika miaka 5 nalo lilikuwa limezima. Siku hizi madaktari wengi hudhani kinga yake mwenyewe ndiyo iliyolimaliza. Ndani ya jicho mna proteni ambazo kwa kawaida kinga haikutani nazo. Jicho likipasuka, kinga huziona ngeni, na kwa kuwa jicho la pili lina proteni zizo hizo, hugeukiwa pia.

Je, wajua kuwa wengi wanaoumia hivyo hawafikwi na balaa hilo? Kwa wachache wanaofikwa, baadhi ya aina za jeni ya HLA-DRB1*04 huonekana kuliko kawaida. Jeni za HLA zimo kwenye kromosomu ya 6. Proteni zake huionyesha kinga vipande vya proteni kutoka kwenye seli, na hutofautiana mno baina ya watu. Ndiyo maana hupimwa kabla ya kupandikiza figo.

Je, wajua kuwa HLA-B27 ni adimu kwa Waafrika wa kusini mwa Sahara? Ulaya, karibu nusu ya wanaopatwa na uvimbe wa ghafla wa sehemu ya mbele ya uvea, tabaka la kati la jicho, wanayo. Uhusiano huo ulitangazwa mwaka 1973. Kwetu, jicho jekundu linalouma na kukimbia mwanga humfanya daktari afikirie mapema kifua kikuu, toksoplasma, kaswende na VVU. (Na tafadhali, matone ya dukani yasitangulie kipimo.)

Je, wajua ni ugonjwa gani wa jicho ulioshikamana na HLA kupita kiasi? Ni ugonjwa adimu uliopewa jina la marisaa, zile risasi ndogo za kuwindia ndege, kwa jinsi madoa yake hafifu yanavyotawanyika nyuma ya jicho. Zaidi ya 95% ya wagonjwa wana HLA-A29. Basi mwenye A29 ajiandae? Hata kidogo! Wazungu kama 7 katika 100 wanayo, na karibu wote huzeeka bila kuugua.

Je, wajua kuwa ugonjwa wa Behçet, wenye jina la daktari wa ngozi wa Istanbul aliyeueleza mwaka 1937, huonekana zaidi kwenye njia za kale za hariri, tangu Uturuki hadi Japani? Huleta vidonda vya kinywani na sehemu za siri, na unaweza kupofusha. HLA-B51 huongeza hatari. Hata hivyo, Waturuki wa Ujerumani huupata kwa uchache kuliko wenzao waliobaki Uturuki, ingawa kwa wingi kuliko Wajerumani. Jeni walisafiri nazo. Kitu gani walikiacha nyumbani, watafiti bado wanakitafuta.