SARAFU NA HATI YAKE VISITENGANISHWE

Mwaka 1974 Jamhuri yetu ilitoa sarafu tatu za kumbukumbu kwa ajili ya hifadhi ya wanyama pori: ya fedha ya shilingi 25 yenye twiga, ya fedha ya shilingi 50 yenye kifaru, na ya dhahabu ya shilingi 1,500 yenye duma, zote zikiwa na sura ya Mwalimu Nyerere. Hazikukusudiwa kununulia samaki sokoni. Sarafu za namna hii huuzwa ndani ya kasha maalumu, pamoja na hati ya kuthibitisha asili yake.

Inasikitisha kwamba kasha na hati ndivyo vinavyotupwa kwanza. Mzee wa Tabata au wa Michenzani anapofariki, warithi hugawana king'aacho, na karatasi huachiwa mchwa. Kisha sarafu hupelekwa kwa sonara, ikapimwa kama kipande cha bangili. Ile ya shilingi 1,500 ina gramu 33.4, na sehemu tisa kati ya kumi ni dhahabu safi. Hayo mzani utayasema. Historia yake hautaisema.

Ni kweli kwamba sarafu halali hubaki halali hata bila kasha. Lakini mnunuzi hudai ushahidi, na mzigo wa kuutoa humwangukia muuzaji. Surat al-Baqara imewaagiza waumini kuandikiana deni la muda na kuweka mashahidi, ili shaka iondoke. Hata hivyo, hati nayo huweza kughushiwa. Kwa hiyo uzito na kipenyo vilinganishwe na yaliyoandikwa.

Huko Visiwani zimo pesa za shaba za Sayyid Barghash za mwaka 1299 Hijria, yaani 1882, zenye mchoro wa mizani. Hizo hazikuja na hati. Hati yake ni maandishi ya mwenye nyumba: zilitoka kwa nani, lini na wapi.

Tunawasihi wananchi wasizisugue sarafu hizo kwa ndimu wala majivu, na waziepushe na unyevu wa bahari. Nao maofisa wanaosimamia mirathi hawana budi kuorodhesha sarafu, kasha na hati kuwa kitu kimoja, apewe mrithi mmoja. Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari.