Udongo Usiokauka: Kwa Nini Mafundi wa Polima Hupiga Kambi

Huko Marekani na Ulaya kuna watu wenye kazi zao za kila siku, wauguzi, walimu, wahasibu na wastaafu, ambao hufunga mizigo na kwenda kukaa siku kadhaa mahali pa utulivu kwa ajili ya udongo wa polima. Hulala huko huko, hula pamoja, na tangu asubuhi hadi usiku huketi kwenye meza ndefu wakitengeneza shanga, hereni, vifungo, sanamu ndogo na vyombo vya mapambo. Wenyewe huhesabu siku hizo kuwa mapumziko, lakini ukitazama kinachofanyika mezani utakiri kuwa ni kambi ya mafunzo hasa.

Mtu anaweza kudhani kambi hizi zimetokana na hamu ya kujumuika tu. Hamu hiyo ipo, lakini mimi naamini sababu kubwa iko ndani ya udongo wenyewe. Tabia zake za kikemia na za kihesabu humfanya fundi anayefanya kazi na wenzake apate zaidi kuliko anayejifungia chumbani. Ukizielewa tabia hizo, utaielewa kambi nzima: ratiba yake, kanuni zake, hata adabu yake.

Udongo huu ni nini

Udongo wa polima hauchimbwi ardhini. Hutengenezwa kiwandani kwa chembe ndogo mno za PVC, plastiki ile ile ya mabomba ya maji, zilizochanganywa na kimiminika kiitwacho kilainishi, pamoja na rangi na unga wa kuongeza ujazo. Chembe hizo peke yake ni ngumu. Kilainishi huzizunguka na kuziwezesha kuteleza zikipishana, ndiyo maana udongo unakandika kwa vidole.

Mfinyanzi wa Kikisi kule Ikombe, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, hupimana nguvu na maji. Chungu chake lazima kikauke taratibu kabla ya kuchomwa, la sivyo kitapasuka. Udongo wa polima hauna maji ya kukauka. Ukiufunika usiingie vumbi, utaukuta laini kesho, na keshokutwa pia. Kinachousubiri ni joto. Likifika kati ya nyuzi 110 na 150 za Selsiasi, kutegemea aina, chembe za PVC hufyonza kilainishi, huvimba, kisha hushikana hadi kuwa kitu kimoja. Ukipoa unakuwa plastiki imara, na kwa kuwa hakuna maji yaliyotoka, karibu hausinyai.

Hapo ndipo kambi inapowezekana. Mshiriki anaweza kuacha kazi nusu, akaenda kula, akamsikiliza mwalimu, akarudi na kuifumua yote kuanza upya. Kazi iliyokomea Ijumaa usiku huendelea Jumamosi asubuhi bila hasara. Wala hakuna haja ya tanuri: oveni ndogo ya mezani yatosha. Karakana nzima huingia katika sanduku moja la safari.

Kambi zilikotoka

Historia yenyewe ni fupi. Nchini Ujerumani, Sofie Rehbinder-Kruse, binti wa mtengeneza wanasesere mashuhuri Käthe Kruse, alifanya majaribio na udongo wa aina hii, na mwaka 1964 kampuni ya Eberhard Faber ikaununua. Ndio unaouzwa leo kwa jina la Fimo, chini ya kampuni ya Staedtler. Marekani nayo ikapata Sculpey, wa kampuni ya Polyform huko Illinois. Kwa miaka mingi watu waliuona kuwa kitu cha watoto.

Mambo yalibadilika mwishoni mwa miaka ya 1980, wasanii wa vito walipoanza kuutumia kwa kazi nzito. Mwaka 1991 Nan Roche alichapisha kitabu chake The New Clay, kilichokusanya mbinu ambazo hapo awali kila mtu alizigundua kivyake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 chama cha kitaifa cha mafundi wa polima kikaanzishwa Marekani. Baadaye kikawa chama cha kimataifa. Katika miaka hiyo ya 1990 wanachama walikuwa wakikusanyika Shrine Mont, katika milima ya Virginia, na wenzao wa kaskazini-magharibi wakikutana Ravensdale, jimbo la Washington.

Tukumbuke kuwa hapakuwa na chuo kilichofundisha somo hili. Kambi ndiyo iliyokuwa chuo. Aliyegundua jambo Januari alilileta mezani, na wenzake wakarudi nalo makwao. Mwaka 2011 Jumba la Sanaa la Racine, Wisconsin, lilipofungua maonyesho makubwa ya sanaa ya polima yaliyoitwa Terra Nova, lilikuwa likionyesha matunda ya maarifa ambayo kwa sehemu kubwa yalipitishwa mkono kwa mkono.

Mashine ya tambi na hesabu ya rangi

Vifaa vya mezani ni vichache: kigae laini cha kufanyia kazi, wembe mrefu, kijiti cha kusukumia, na mashine ya tambi ya kuzungusha kwa mkono, ile yenye rola mbili za chuma. Mashine hiyo hutoa bapa lenye unene sawa kila pahali, na ndiyo hutumika kuchanganyia rangi.

Mbinu moja nataka kuieleza kwa kina, kwa sababu inaonyesha vizuri faida ya kuwa na jirani. Inaitwa mbinu ya Skinner, kwa jina la Judith Skinner, Mmarekani aliyeipeleka kwa mafundi wenzake katikati ya miaka ya 1990. Unachukua bapa la njano na bapa la bluu, unakata kila moja kuwa pembetatu, kisha unaziunganisha ziwe mstatili uliogawanywa kwa mshazari: njano imetawala kushoto, bluu imetawala kulia. Unakunja ukingo wa chini ukutane na wa juu, unatanguliza mkunjo kwenye rola, unazungusha. Unakunja vile vile tena, unapitisha tena, mara 20 au 25 hivi.

Mara za mwanzo unaona michirizi tu, na anayejaribu kwa mara ya kwanza huanza kukata tamaa. Kisha michirizi inazidi kuwa myembamba mpaka inapotea, na bapa linatoka na njano safi kushoto, bluu safi kulia, na kijani cha kila daraja katikati. Hakuna mstari unaokuonyesha rangi moja ilipoishia na nyingine ilipoanzia.

Siri ni ule mshazari. Kadiri unavyotoka kushoto kwenda kulia, njano inapungua na bluu inaongezeka kwa kiwango kile kile. Kukunja kutoka chini kwenda juu huchanganya rangi zilizo katika wima mmoja, bila kuzisogeza pembeni. Ndiyo maana mwelekeo haubadilishwi kamwe. Ukiligeuza bapa ukakunja kushoto kwenda kulia, umepeleka bluu kwenye njano, na ukiendelea hivyo utaishia na kijani kimoja bapa zima.

Maelezo haya yamo vitabuni, na aliye peke yake anaweza kuyafuata. Shida ni kwamba anayeanza haoni kwa urahisi kuwa bapa limegeuzwa, na kosa huonekana baada ya kupitisha mara kadhaa, udongo ukiwa umekwisha haribika. Kambini, aliyeketi kando yako huiona mikono yako ikienda kombo kabla hujazungusha mpini. Somo la sekunde mbili kama hilo halipatikani kitabuni.

Mche mmoja, vipande mia nne

Mbinu ya pili ndiyo inayobeba roho ya kambi. Mafundi wa vioo wa Murano, karibu na Venice, walijua tangu zamani kutengeneza fimbo ya kioo yenye picha ya ua ndani yake, picha inayopita kutoka ncha moja hadi nyingine. Mafundi wa polima hufanya vivyo hivyo kwa udongo. Hupanga petali, kiini na mandhari yake kuwa kitu kinene na kifupi kama mche wa sabuni, nasi tukiite mche, na popote utakapoukata, utakutana na ua lile lile.

Kazi ngumu ni kuupunguza unene. Unaubana katikati kwa vidole, unauzungusha kidogo, unabana tena, ukielekea nchani taratibu ili picha iliyo ndani isijipinde. Rangi zote lazima zilingane ugumu. Iliyo laini hukimbilia pembeni, na ua hupoteza umbo. Mche ukiisha kurefuka unaupumzisha mahali pa baridi, kwa sababu uliotoka mikononi bado una joto, na wembe huuponda badala ya kuukata.

Sasa tupige hesabu. Chukua mche wenye kipenyo cha sentimita 6 na urefu wa sentimita 5. Upunguze hadi kipenyo cha sentimita 1.5, yaani robo ya ule wa mwanzo. Eneo la uso wa ncha yake linakuwa moja ya kumi na sita, na kwa kuwa ujazo haubadiliki, urefu unazidishwa mara 16: unafika sentimita 80. Ukikata vipande vya unene wa milimita 2 utapata vipande 400, ukitoa vichache vya nchani vilivyopinda.

Hakuna fundi anayehitaji maua 400 yanayofanana. Ndiyo maana desturi ya kubadilishana miche imeshika mizizi kambini. Kila mmoja huleta alioutengeneza, hukata sehemu kwa ajili ya wenzake, na huondoka na maua, majani, mawimbi na nyuso za mikono mingine. Anayetoa hapungukiwi na chochote anachokihitaji. Huu ni ukarimu uliojengwa ndani ya jiometri, na unanifurahisha kila ninapoufikiria.

Oveni ni ya wote, na hatari ni ya wote

Penye oveni ya pamoja ndipo panapohitajika umakini mkubwa. Aina za udongo haziokwi kwa joto moja: Fimo huokwa kwa nyuzi 110, Premo kwa 130, Kato kwa 150. Trei moja yenye kazi za watu watano wanaotumia aina tofauti ni balaa. Waandaaji wazuri hubandika kwenye kila trei jina la mwenyewe, aina ya udongo na saa ya kuingiza.

Kitasa cha oveni pia hakiaminiki. Weka ndani kipimajoto kinachojitegemea na ukisome hicho. Kanuni ya jumla ni nusu saa kwa kila milimita 6 za unene. Joto likipungua, kitu huwa kigumu kwa kukitazama ilhali chembe hazijashikana vizuri ndani, na hereni itakatika siku ya kwanza kuvaliwa. Utepe mwembamba ulioiva sawasawa hupindika bila kuvunjika. Hicho ndicho kipimo rahisi kuliko vyote.

Joto likizidi, rangi huanza kuwa kahawia. Udongo ukiungua, PVC hutoa gesi ya hidrojeni kloridi inayowasha macho na koo. Zima oveni, fungua madirisha, toa watu nje. Kifaa chochote kilichogusa udongo mbichi, iwe mashine ya tambi, kisu au trei, kisirudi jikoni. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula. Na bakuli la polima, hata liwe zuri vipi, halitiwi chakula.

Kuna ushauri unaotuhusu sana sisi wa nchi za joto. Udongo mbichi ulioachwa ndani ya gari juani huanza kuiva wenyewe, na kuwa mgumu na wenye kumeguka. Uweke kivulini. Tena kilainishi chake huyeyusha baadhi ya plastiki na kuharibu vanishi ya meza, kwa hiyo uhifadhi katika mifuko ya poliethilini au makopo ya polipropilini, yale yenye alama ya 5 chini.

Adabu ya kushirikishana

Panapogawanywa maarifa kwa wingi, lazima pawe na heshima. Mbinu iliyokwisha enea, kama ile ya Skinner, ni ya kila mtu, lakini jina la mwanzilishi hutajwa. Muundo ambao mwalimu ameubuni mwenyewe na unaompatia riziki ni jambo jingine: unaufanyia mazoezi, na kabla ya kuufundisha au kuuuza unamwomba ruhusa. Vivyo hivyo kwa mche uliopewa na mwenzako. Ukiuza kazi yenye ua lake, mtaje. Bila adabu hii walimu wangefunga midomo, na kambi zingekufa.

Sioni sababu ya jambo hili kubaki la ng'ambo. Nairobi, Dar es Salaam na Kampala kuna vikundi vya watu wanaoshona na kutunga shanga, na desturi ya kukaa pamoja huku mikono ikifanya kazi ni yetu tangu kale. Watu wanane, meza ndefu, chumba chenye madirisha, mashine mbili za tambi, oveni moja na kipimajoto vinatosha kwa kambi ya siku mbili. Anzeni na mbinu moja tu, kila mtu aifanye mpaka aiweze, na mmalize kwa kubadilishana miche. Yule asiyejua lolote siku ya kwanza atakuwa na cha kumfundisha mtu mwingine siku ya pili, na kambi iliyofikia hapo imefanya kazi yake.